Kisu cha elfu 15 cha Kariakoo, nitajuaje kama ni chuma kweli au bati linalong'aa?

#1 Jiko la Kaka
Wakuu habari za jioni. Nina kijiwe cha nyama choma na nyumbani nafuga kuku, kwa hiyo kisu kwangu ni kitendea kazi cha kila siku. Juzi nimechukua kimoja Kariakoo kwa 15,000. Siyo cha kukunja, ni kile cha ubapa ulionyooka chenye ala ya plastiki nyeusi. Ubapa sentimita 15, mgongo mnene, milimita 4 hivi. Kimegongwa muhuri wa stenlesi na chini yake jina Solingen. Mpini ni plastiki ngumu, sijaona ribiti (vile vipini vya chuma vinavyobana mpini) hata moja.

Siku ya kwanza kilikuwa kinanyoa vinyweleo vya mkono. Nikachinja kuku kadhaa, nikachuna mbuzi, kufika kwenye paja kikawa kinasugua tu. Nikikinoa makali yanarudi haraka, na yanaondoka haraka vilevile. Ninacho kingine cha marehemu babu, cheusi, kina kutu, hakina jina lolote, na hicho kinakaa na makali hata wiki.

Swali: mtu asiye na maabara anapimaje ubora wa kisu akiwa dukani kabla hajatoa hela? Uzito? Mlio? Sumaku? Au hiyo 15,000 ndiyo jibu lenyewe?

#2 Kiherehere
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu, picha ya kisu iko wapi? Uzi wa kisu bila picha ni sawa na uzi wa kiwanja bila hati.

#3 Msukuma Mzito
Tembea na sumaku ndogo mfukoni. Ikishika, hicho ni chuma cha kawaida kimepakwa tu. Isiposhika, ndiyo stenlesi yenyewe. Natumia njia hii kwenye masufuria miaka yote na haijawahi kuniangusha.

#4 Fundi Nondo
Kwenye masufuria sawa, kwenye visu unampoteza mwenzio. Stenlesi ya sufuria na sinki ina nikeli nyingi, ndiyo maana sumaku haishiki, na hiyo huwezi kuikomaza kwa moto, yaani kuifanya ngumu, hata ukeshe nayo kwenye mkaa. Stenlesi ya visu ni ukoo mwingine, sumaku inaishika barabara. Ukikuta kisu ambacho sumaku inateleza, kirudishe mezani kwa heshima, hicho ni kijiko chenye ncha.

Kwa hiyo sumaku inakusaidia kukataa. Haikusaidii kuchagua, kwa sababu kisu kizuri na kibovu vyote vitashika.

#5 Mama Shughuli
Mimi napika kwenye harusi na misiba, vijana wangu wanavunja visu kuliko sahani. Kitu cha kwanza naangalia mpini. Kuna kimoja kilikatika mikononi mwa binti akipasua boga. Kilipofunguka tukakuta chuma kilichoingia ndani ya mpini hakifiki urefu wa kidole changu cha mwisho, kimeshikwa na gundi tu. Hatukujua, kwa nje kilikuwa kinapendeza.

Tangu siku hiyo nanunua kile ninachoona chuma chake kwa macho, kimepita kati ya vipande viwili vya mpini mpaka mwisho, na ribiti tatu. Chako hakina ribiti, mimi nisingekigusa.

#6 Kijana wa Buchani
Dada yangu Mama Shughuli, tuheshimiane, visu vyote vya buchani kwetu havina ribiti. Vina mpini mweupe wa plastiki uliomiminiwa juu ya chuma. Tunavitaka hivyo kwa sababu damu na mafuta haviingii kwenye nafasi kati ya mbao na chuma. Chenye mpini wa mbao kikikaa kwenye maji kila siku, mbao inapanuka, inakauka, inaachia, ndani kunaanza kunuka. Afya wakija wanaanza na mipini.

Ila sisi hatupasulii boga. Kazi ya mifupa ina shoka na msumeno wake.

#7 Msukuma Mzito
Fundi Nondo #4 nimekuelewa, lakini sinki langu la stenlesi sumaku inashika kwenye kona. Nalo ni kijiko?

#8 Mhandisi Mstaafu
Nijibu hilo la #7. Stenlesi ya nikeli ikikunjwa au kugongwa ikiwa baridi, sehemu iliyokunjwa hubadilika kidogo mpangilio wake wa ndani na kuanza kuvutwa na sumaku. Kona za sinki ndizo zilizovutwa zaidi kiwandani. Nyote wawili mko sahihi.

Kwa mleta mada: kisu kinasimama juu ya mambo matatu. Kwanza aina ya chuma, hasa kiasi cha kaboni. Pili namna kilivyokomazwa kwa moto. Tatu umbo la ubapa kuelekea makali. Stenlesi inaanza kuitwa hivyo ikiwa na kromiamu asilimia 10.5 kwenda juu. Visu vingi vya bei nafuu kutoka China hutumia chuma cha daraja linaloitwa 3Cr13, yaani kaboni asilimia 0.3 hivi na kromiamu 13. Kinakomaa, lakini hakifiki mbali. Kuna 8Cr13MoV yenye kaboni karibu 0.8, hiyo ni habari nyingine, na visu vyake havijawa ghali sana. Kama kisu kina namba ya chuma iliyogongwa, una pa kuanzia. Neno "stenlesi" peke yake halikuambii chochote, hata "chuma cha upasuaji" ni maneno ya sokoni.

#9 Baridi Kali
Salaam kutoka Sweden. Hapo kwenye Solingen pamenichekesha. Ule ni mji wa Ujerumani wa wafua visu tangu zama za kati, na jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Halipaswi kugongwa kwenye kisu ambacho kazi zake za msingi hazikufanyika Solingen na viunga vyake. Kwa 15,000, pamoja na meli, ushuru na faida ya muuzaji, piga hesabu mwenyewe.

Halafu Mama Shughuli, nipingane nawe kidogo. Huku kuna visu vya Mora, mji wa mkoa wa Dalarna. Kazi hiyo wameianza 1891. Kila fundi wa ujenzi na kila mvuvi anacho, bei yake ni kama mlo mmoja mgahawani, na ile aina ya kawaida yenye mpini wa plastiki chuma chake hakifiki mwisho wa mpini. Hakina ribiti. Watu wanapasulia kuni kwa kukigonga mgongoni na gogo na kinadumu. Kwa hiyo swali ni kimeingia kiasi gani, ni kipana kiasi gani, na kimeshikwaje.

#10 Mama Shughuli
Sawa mwanangu wa baridi, lakini mimi nitajuaje kimeingia kiasi gani bila kukivunja? Nipe njia ya dukani.

#11 Baridi Kali
Shika ubapa kwa kitambaa, jaribu kuutikisa na kuuzungusha kidogo kwenye mpini. Ukisikia mchezo wowote, hata wa unywele, achana nacho. Tazama pale chuma kinapozama kwenye mpini: kama upana unapungua ghafla na kona ni kali kama imekatwa kwa mkasi, hapo ndipo patakatika. Kona ikiwa na mviringo ni dalili kwamba aliyechora alifikiri. Halafu kilaze juu ya kidole penye mwanzo wa mpini. Kikiangukia mbele moja kwa moja na mpini ni mwepesi ajabu, ndani kuna upepo.

#12 Kiherehere
Muuzaji wa Kariakoo akikuona unakitikisa, unakizungusha na kukilaza kidoleni atakuuliza unanunua au unaoa.

#13 Mvuvi wa Nungwi
Asalaam alaykum. Ndugu zangu mnazungumzia stenlesi kana kwamba haioti kutu. Huku kwetu chumvi haina stenlesi. Kisu kimeandikwa haishiki kutu, ukikisahau na magamba ya samaki usiku mmoja tu asubuhi kina vidoa vidogo vyeusi, ukivisugua chini yake pamechimbika. Cha zamani cha chuma cha kawaida kinashika kutu juu juu kizima, unakipitisha kwenye mchanga na mafuta ya nazi kimerudi.

Mimi kwa kupasulia samaki nataka ubapa mwembamba unaopinda. Hicho cha milimita 4 cha mleta mada huku tungekitumia kufungulia makopo.

#14 Mhandisi Mstaafu
Mvuvi yuko sahihi. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa stenlesi, inatoboa ule utando mwembamba wa kromiamu sehemu moja moja. Na chuma cha visu kina ulinzi mdogo kuliko cha masufuria, kwa sababu sehemu ya kromiamu inafungwa na kaboni na haibaki huru kulinda. Ukitaka makali zaidi unaongeza kaboni, na ukiongeza kaboni unapunguza kinga ya kutu. Kuna gharama kila upande. Harry Brearley alipoleta chuma hiki Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, mwaka 1913, watengeneza visu wa huko walimdhihaki kwamba amevumbua visu visivyokata.

#15 Jiko la Kaka
Asanteni wakuu. Nimekitikisa, hakina mchezo. Sumaku inashika. Namba ya chuma haina. Solingen naona imefutika nusu baada ya kukisugua na steelwaya, kumbe ni wino. Kwa hiyo jibu ni chuma kibovu?

#16 Kijana wa Buchani
Usikimbilie huko. Umesema ulimchuna mbuzi kwa kisu hichohicho. Manyoya ya mbuzi yamejaa vumbi na mchanga, hasa mbuzi aliyetoka kulala chini mnadani. Mkato mmoja wa kutoka nje kwenda ndani kupitia manyoya unamaliza makali kuliko kukata kilo 50 za nyama tupu. Sisi tunatoboa tundu dogo, tunageuza makali yaangalie juu, tunachana ngozi kutoka ndani kwenda nje. Kisu hakikutani na vumbi.

Na cha babu unakifanyia nini? Kama kinakata vitunguu, hiyo siyo mechi ya haki.

#17 Fundi Nondo
Buchani ametoa pointi. Lakini kuna kipimo ambacho hakidanganyi, na hakihitaji chombo. Chukua kisu kikiwa kimeshakuwa butu. Simama dirishani, elekeza makali juu, yaangalie kwa mstari wa jicho huku ukikiinamisha taratibu. Makali yenye ukali hayaonekani. Pale yalipokufa utaona mstari mwembamba unang'aa. Sasa pitisha ukucha kutoka mgongoni kushuka kwenye makali, kila upande. Ukucha ukinasa upande mmoja na mwingine ukateleza, makali yamelala, chuma ni laini. Ukikuta vimeng'enyuko, vijino vidogo, chuma ni kigumu kupita kiasi au kiliungua wakati wa kukomazwa. Na kama hayajalala wala hayajameguka, yamekuwa duara tu, basi ni mchanga wa Buchani.

Nenda kaangalie urudi.

#18 Jua Kali 254
Niaje wakubwa. Mimi niko Nairobi, na hapa mtu akitaka kisu anaenda Kamukunji anaongea na fundi. Anakuchongea kutoka springi ya lori, bei unapatana. Springi ni chuma noma. Hiyo kitu ya kiwandani ya stenlesi mnapigania ya nini?

#19 Fundi Nondo
Boss wa 254, mimi nafua springi hizo, kwa hiyo nisemee jikoni kwangu. Ni chuma kizuri, kaboni inacheza kwenye 0.6, na cha malori ya Kijapani na ya Kimarekani hakiachani sana. Lakini springi mbichi ikichongwa tu kwa grainda haijawa kisu. Ilikomazwa ili ipinde na kurudi, haikukomazwa ili ikate. Unaipasha kwenye mkaa mpaka nyekundu ya kukolea, unaigusisha sumaku iliyofungwa kwenye waya. Pale sumaku inapoacha kushika uko kwenye nyuzi 770 hivi. Unaisogeza juu kidogo tu, isifike njano, halafu unaizamisha kwenye oili, ncha kwanza, wima, bila kuyumbisha. Ukiiweka kwenye maji utasikia "tik", na hiyo tik ni hasara yako, imepasuka.

Ikitoka hapo ni ngumu kama kioo, ukiiangusha inavunjika. Inabidi uirudishie moto mdogo, nyuzi 200 na ushee, mpaka uso uliosuguliwa uwe na rangi ya majani makavu. Ukichelewa inakuwa zambarau, kisha bluu, hapo umeirudisha kuwa springi tena. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, au wanaikadiria wakiwa wanaongea na simu.

#20 Jua Kali 254
Sasa hiyo ndio ukweli. Nina visu mbili za fundi mmoja, zilitoka siku moja, springi moja. Moja ni moto, ingine ukikata mua inapinda. Nilimrudishia akaniambia nimeikata vibaya.

#21 Mhandisi Mstaafu
Ndiyo tofauti kubwa ya kiwanda na karakana. Kiwanda cha wastani kinaweza kutoa visu elfu vya ubora wa kati vinavyofanana. Fundi mzuri anatoa kizuri kuliko kiwanda, kisha kesho anatoa kibovu kwa sababu mkaa ulikuwa na unyevu. Pia springi chakavu imeshapinda mara mamilioni barabarani, inaweza kuwa na nyufa usizoziona. Ubapa ukiwa bado hauna mpini, uning'inize kwa uzi na ugonge kidogo. Mlio ukiwa mrefu na safi ni dalili njema. Ukikwama ghafla, shuku ufa. Ndiyo matumizi pekee ya mlio, mleta mada. Hauwezi kukuambia ugumu.

#22 Mchaga wa Mamba
Wahunzi wa Kilimanjaro walikuwa wanafua mikuki na visu kabla hayo malori hayajapanda mlima. Mnasahau watu.

#23 Ngara Boy
Na Wahaya je? Chuma cha pua kilitengenezwa Buhaya miaka 2000 iliyopita wakati Ulaya hawajajua. Hili watu hawafundishwi.

#24 Mhandisi Mstaafu
Punguza kidogo. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu matanuri ya kale ya magharibi mwa Ziwa Viktoria, wakasema hewa ilipashwa moto kabla ya kuingia tanurini na kwamba kilipatikana chuma chenye kaboni. Wataalamu wengine wakaja kuipinga hiyo habari ya hewa kupashwa. Kwamba watu wa huko walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma, hilo halina ubishi. Kwamba Ulaya walikuwa gizani, hilo ni la kwako.

#25 Kiherehere
Mleta mada ameuliza kisu cha elfu 15, sasa tuko kwenye matanuri ya kale. Kabla ya usiku tutafika kwa Adamu alichinjia nini.

#26 Binti Nizwa
Nyie mnacheka, mimi nipo Oman na soko la mifugo la Nizwa la Ijumaa asubuhi liko jirani kabisa na wauza visu na majambia. Wazee wa huku nimewaona wanavyochagua kisu cha kuchinjia Idi. Hawatazami mpini wala jina. Wanakilaza kwenye kiganja wanatazama kama kimenyooka, kisha wanatazama kinavyokonda kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Marehemu mama wa Unguja naye alikuwa hivyohivyo: kisu kinene ni cha kutishia wezi.

Kwenye kuchinja, ukali ndiyo huruma kwa mnyama, na inatakiwa ukinoe mbali asikuone. Kwa hiyo mimi naona Mhandisi ameweka umbo la tatu kwenye orodha, lilipaswa kuwa la kwanza.

#27 Baridi Kali
Naunga mkono. Mleta mada ana mgongo wa milimita 4. Pima unene sehemu iliyo juu kidogo tu ya makali. Kama pana milimita moja na zaidi, huo ni mtaimbo mdogo, hata chuma kiwe cha aina gani kitasukuma nyama badala ya kuikata. Visu vya kawaida vya Mora vina milimita 2 hadi 2.5 mgongoni, na pembeni kuna uso mmoja mpana ulionyooka mpaka kwenye makali. Unaulaza wote kwenye kinoo, huhitaji kukisia pembe. Nusu ya sifa zake ni hapo tu, kwamba hata asiyejua kunoa anapatia.

#28 Kijana wa Buchani
Na mjue laini siyo lazima iwe kasoro. Visu vyetu, mfano vile vya Tramontina vya Brazili, si vigumu sana, kwa makusudi. Tunavipitisha kwenye chuma cha kunolea kila baada ya vipande vichache, sekunde tano, makali yaliyolala yanasimama, kazi inaendelea. Kikiwa kigumu sana kikigonga mfupa kinameguka na hapo unapoteza nusu saa kwenye kinoo. Ukinipa kisu kigumu kwa kazi yangu nakurudishia.

#29 Jiko la Kaka
Nimerudi wakuu. Majibu ya kipimo cha Fundi Nondo #17: sehemu ya kati ukucha unanasa upande wa kulia, kwa hiyo yamelala. Kwenye ncha nimeona rangi ya bluu hafifu kama sentimita 2, nilidhani ni urembo. Na nimejaribu tupa kwenye mgongo: karibu na mpini inateleza, karibu na ncha inakula chuma vizuri tu. Kisu kimoja, chuma viwili?

Cha babu tupa inateleza karibu kote. Nimekitumia kwenye mbuzi wa juzi, manyoya kwa manyoya, kikachoka pia, ila kilifika mwisho wa kazi.

#30 Msukuma Mzito
Hiyo bluu ni fundi wa baiskeli aliyekunolea. Amekichoma.

#31 Jiko la Kaka
Sijawahi kumpa mtu anoe. Nanoa mwenyewe na kinoo cha maji.

#32 Fundi Nondo
Baiskeli haiwezi kuchoma kisu kirahisi hivyo, jiwe linazunguka polepole na miguu inachoka kabla chuma hakijapata moto. Grainda ya umeme ndiyo mchawi. Hapo naona kiwandani walikitoa makali kwenye jiwe kavu kwa haraka, ncha ni nyembamba, ikashika moto, ikalegea. Katikati na nyuma kukapona. Tena kwa stenlesi rangi inachelewa kutokea kuliko kwenye springi yangu, kwa hiyo ukiona bluu ujue joto lilipita sana.

Dawa yake: kata mapema. Tumia jiwe, saga ncha sentimita 2 na nusu hivi ukimwagia maji muda wote, upate ncha mpya kwenye chuma kizima. Utabaki na kisu kifupi lakini cha kweli.

#33 Mhandisi Mstaafu
Fundi, sikukatalii, lakini ukucha ulinasa katikati, na bluu iko kwenye ncha. Joto la ncha halielezi makali ya katikati kulala. Kisha tupa mpya ina ugumu wa karibu 65 kwenye kipimo cha Rockwell, na kisu kizuri cha jikoni ni 54 hadi 58. Tupa lazima ikwangue kidogo hata kisu kizuri. Kinachopimwa ni inakwangua kwa urahisi gani, tena tupa yenyewe iwe mpya. Ya Jiko la Kaka ni mpya?

#34 Jiko la Kaka
Tupa ni ya mwenye nyumba, inanoa majembe.

#35 Kiherehere
Kesi imefutwa, shahidi ana makovu.

#36 Kijana wa Buchani
Mimi bado nasema pembe. Amesema siku ya kwanza kilinyoa mkono. Kiwandani wanakipa pembe kali sana ili mteja ajaribu dukani afurahi, makali yanakuwa membamba mno kwa chuma laini, kazi ya kwanza yanalala. Mleta mada, jaribu kunoa ukiinua mgongo zaidi kidogo, makali yawe manene kiasi, halafu useme kama kinakaa.

#37 Baridi Kali
Ninyi mnamwambia akinenepeshe, mimi na Binti Nizwa tunamwambia akikondeshe. Masikini.

#38 Binti Nizwa
Vyote vinawezekana. Akonde juu, makali yenyewe yapate pembe kidogo. Ila aanze na jambo moja, akibadilisha yote mara moja hatajua kilichosaidia.

#39 Mama Shughuli
Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mpini siyo kitu tena? Haya. Msinitafute boga likiwashinda.

#40 Duka la Vyombo Tz
Nauza visu imara vya dameski vyenye mawimbi, 45,000 tu, inaboksi.

#41 Fundi Nondo
Mkuu wa #40, mawimbi hayo yanaendelea mpaka mgongoni au yameishia ubavuni? Ukipitisha msasa yanaondoka? Chuma kilichofuliwa kwa tabaka, mistari inaonekana mgongoni pia, na ukisugua kisha ukapaka asidi inarudi. Ya kuchapwa ikisuguliwa ndiyo imekwenda hivyo.

#42 Duka la Vyombo Tz
Inaboksi tuzungumze bei.

#43 Mwalimu wa Mlandizi
Nimesoma uzi wote kimya kimya, nimefaidika. Naomba kuuliza pembeni: nina panga jipya, likikata mti mkavu makali yanatoka vijino, likikata majani halina shida. Nilirudishie moto kidogo kama alivyosema Fundi Nondo kwenye #19, au nitaliua kabisa?

#44 Fundi Nondo
Mwalimu, usiliweke motoni bado. Ongeza kwanza pembe ya makali kwa tupa, upande huu na huu, liwe na bega. Likiendelea kutoa vijino nipe picha ya makali kwa karibu, na uniambie ni mti gani. Kama ni mpingo, panga halina kosa.